Uzi: Wagiriki walihesabu kupatwa kwa mwezi kwa magurudumu ya meno, ujuzi ule ulipotelea wapi?

#1 Mdadisi
Wakuu, salamu. Jana nimekesha nikisoma habari za kifaa cha Antikythera, na tangu asubuhi akili haijatulia. Kwa wasiokifahamu, mwaka 1900 wazamiaji wa sponji walikuta mabaki ya meli ya kale karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, kwenye kina cha mita 45 hivi. Mzamiaji wa kwanza alipanda juu akisema kwamba chini kumejaa maiti za watu na farasi. Kumbe zilikuwa sanamu. Miongoni mwa vitu vilivyopandishwa kulikuwa na bonge la bronzi lililoliwa na chumvi, na hakuna aliyelijali hadi 1902, mwanaakiolojia Valerios Stais alipoona gurudumu la meno limeganda ndani yake.

Leo vipande vilivyobaki ni 82, vyenye magurudumu ya meno 30. Kifaa kilizungushwa kwa mkono, kikaonyesha mahali pa jua na mwezi na kutaja miezi ambayo kupatwa kungetarajiwa. Meli yenyewe ilizama katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na mashine nyingine yenye ugumu wa namna hiyo haionekani hadi saa kubwa za Ulaya, zaidi ya miaka 1000 baadaye.

Swali langu ni hili: ujuzi kama huo unapoteaje? Mimi nailaumu vita. Warumi walimuua Archimedes, yule mwanahisabati na mvumbuzi wa Kigiriki, huko Syracuse, Sisilia, mwaka 212 KK, na nadhani karakana nzima ilizikwa pamoja naye. Oneni maajabu: gurudumu kubwa kuliko yote lina meno 223, na ndilo lililohesabu kupatwa kwa mwezi, ambako hujirudia kila baada ya miaka 18 kamili.

#2 Kipofu wa Nyota
Viumbe wa sayari nyingine walisahau saa yao walipokuja kutembea. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Tupa
Ndugu yangu wa namba 2, aliyevuka nafasi yote iliyopo kati ya nyota na nyota angetuachia kitu bora kuliko meno ya pembetatu yaliyokatwa kwa tupa. Mimi ni fundi saa, na meno yale nimeyatazama sana katika picha. Yamechongwa na binadamu mwenye tupa, mwenye subira, na pengine mwenye mteja anayemsumbua kila siku akiuliza kazi imefikia wapi.

#4 Mhesabu
Ahsante kwa mada, ila mleta uzi ana makosa matatu yanayostahili kunyooshwa kabla hayajasambaa.

La kwanza, si miaka 18 kamili. Kupatwa hujirudia baada ya miezi 223 ya mwandamo, ambayo ni siku 6,585 na theluthi moja ya siku, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Hizo saa 8 ndizo zenye utamu wote. Kwa kuwa Dunia inakuwa imejizungusha theluthi moja zaidi, kupatwa kunakofuata hutokea upande mwingine wa Dunia, na aliyeona kwa mara ya kwanza huenda asione kitu. Waliotengeneza kifaa walilijua hilo, maana waliweka uso mdogo wa pembeni unaomwambia mtumiaji aongeze saa 8 au saa 16 kulingana na mzunguko aliomo.

La pili, gurudumu kubwa kabisa, lenye kipenyo cha sentimita 13 hivi, ni la mwaka wa jua. Meno yake wengine huyahesabu kuwa 223 na wengine 224, kwa sababu hayakubaki yote. Gurudumu la kupatwa ni jingine, dogo kuliko hilo, na ndilo linalokubalika kuwa na meno 223.

La tatu, Cicero, mwandishi wa Kirumi, aliyeandika kwamba jenerali Marcellus alichukua kutoka Syracuse tufe la Archimedes la kuonyesha mwendo wa anga, ndiye pia aliyeandika kwamba Posidonius, mwanafalsafa wa kisiwa cha Rhodes, rafiki yake mwenyewe, alitengeneza chombo kinachoonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari tano. Posidonius aliishi zaidi ya miaka 100 baada ya Archimedes. Kwa hiyo karakana haikuzikwa na mtu mmoja.

#5 Binti Falaki
Niongeze la nne, samahani Mdadisi, leo umepatikana. Mzunguko huo wa miezi 223 Wagiriki hawakuugundua wao. Wababiloni walikuwa wakiandika kupatwa kwa mwezi kwenye mabamba ya udongo kwa karne nyingi, hadi mpangilio ukajitokeza wenyewe. Wagiriki waliurithi, kisha wakauingiza ndani ya gurudumu. Hata jina la Saros tunalouita leo lilibandikwa na mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley mwaka 1691, naye alilichukua kimakosa kutoka kitabu cha zamani.

#6 Mdadisi
Nimekubali kunyolewa bila maji. Lakini swali langu bado limesimama: kama Posidonius aliendelea kutengeneza, baada yake ikawaje?

#7 Chuma Chakavu
Jibu ni rahisi na halina mahaba: bronzi ilikuwa mali. Kifaa cha bronzi kikiharibika, mwenye nacho hakukiweka kabatini kwa ajili yetu sisi wa leo. Alikipeleka kwa mhunzi kikayeyushwa, kikawa msumari, sarafu au kitasa. Angalieni sanamu za bronzi za Wagiriki. Zilizotufikia ni chache, na nyingi katika hizo zimetoka baharini, mahali ambapo mhunzi hakuweza kufika. Huenda vifaa kama hiki vilikuwa mia moja. Tunakijua hiki kimoja kwa sababu meli yake ilizama, wakati vile vilivyofika salama vyote vimeyeyushwa.

#8 Nakili
Mimi napinga swali lenyewe. Mnasema ulipotea, wakati alama zake zipo njiani ukizitafuta. Kuna saa ya jua ya Kibizanti ya karne ya 6 hivi, iliyopo London katika makumbusho ya sayansi, yenye magurudumu ya meno yanayoonyesha umri wa mwezi. Karibu na mwaka 1000 mwanazuoni al-Biruni alieleza kwa maandishi sanduku la magurudumu la kuonyesha jua na mwezi. Mwaka 1221 au 1222 Muhammad ibn Abi Bakr wa Isfahan alitengeneza astrolabu, chombo cha kale cha kupimia nyota, yenye kalenda ya magurudumu mgongoni, ambayo sasa ipo Oxford, na mpangilio wake unafanana na ule wa al-Biruni. Na mwaka 1364 Giovanni de' Dondi alimaliza saa yake ya sayari huko Padova. Mimi naona kamba moja ndefu ambayo baadhi ya nyuzi zake zimeoza.

#9 Mhesabu
Nakili, hoja yako naipenda, lakini tazama ukubwa wake. Saa ya Kibizanti inahitaji magurudumu machache tu, na ya Isfahan pia si mengi. Kutoka 30 kushuka hadi manane au chini ya hapo ni kupotea kwa namna fulani. Mtoto wa mpishi anayejua kuchemsha maji tu hajarithi jiko la baba yake.

#10 Mama Dodosa
Mimi sielewi mnavyoshangaa kwamba kitu kilipotea ilhali hakikuwa na kazi. Mkulima hakukihitaji, baharia hakukihitaji, na kuhani alikuwa na kalenda yake. Kilikuwa kitu cha tajiri cha kuwafurahisha wageni baada ya chakula. Mtazameni mvumbuzi Heron wa Aleksandria katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Alieleza tufe linalozungushwa na mvuke, na likaishia kuzunguka tu. Alieleza pia chombo cha hekaluni kinachopokea sarafu ya drakma tano: sarafu inaangukia kisahani kilichofungwa kwenye mtaimbo, kisahani kinashuka, mtaimbo unainua kizibo, maji matakatifu yanamwagika, kisha sarafu inateleza na kizibo kinarudi. Watu wenye akili hiyo waliitumia kuuzia maji.

#11 Kipofu wa Nyota
Na nina hakika kabisa kwamba siku ya pili tu alitokea mtu akatumbukiza kipande cha chuma badala ya drakma.

#12 Chuma Chakavu
Namba 10, ukilitaja tufe la mvuke uwe na huruma kidogo. Lile tufe halina pistoni, hupoteza karibu mvuke wote hewani, na lingekula kuni za msitu mzima kabla halijainua gunia. Newcomen wa Uingereza alipounda mashine ya mvuke ya kuvuta maji migodini mwaka 1712, alikuwa na makaa ya mawe mlangoni na migodi iliyojaa maji. Heron hakuwa na kimojawapo. Wengine husema watumwa ndio waliofanya mashine isihitajike, nami nasema hata bila watumwa mafundi wa wakati ule wasingeweza kutengeneza silinda isiyovuja.

#13 Mzee wa Tupa
Naomba niwaeleze kilichonipata, maana mnazungumza juu ya magurudumu kana kwamba huokotwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kutengeneza gurudumu moja tu la kifaa hiki, lenye meno 53, ambayo yapo kweli katika sehemu ya mwezi. Nilichukua bamba la shaba la unene wa milimita mbili, nikachora duara, nikaanza kuligawa kwa bikari. Hapo ndipo nilipokutana na mkosi wa namba 53: haigawanyiki. Ukitaka meno 48 unagawa nusu, nusu tena, na kuendelea hivyo hivyo hadi ubaki na tatu. Namba 53 ni tasa, na 223 ni tasa vilevile, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Unafungua bikari kwa kukisia, unatembea nayo duara zima, na ukifika mwisho unatazama umezidisha au umepunguza kiasi gani, kisha unairekebisha kwa unywele mmoja na kuanza upya.

Nilitembea mara kumi na moja. Mara ya mwisho niliona imetosha, nikaanza kukata kwa tupa ya pembetatu. Nafasi kati ya jino na jino ilikuwa milimita moja na nusu. Ukikosea sehemu moja ya mia ya milimita kila hatua, baada ya hatua 53 umeshakula theluthi ya jino. Nami sikukosea sehemu moja ya mia, nilikosea zaidi. Jino la mwisho lilibaki jembamba kama ukucha wa mtoto, na lilivunjika nilipolijaribu kwa gurudumu la pili.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mdadisi ni hili: kazi hii haiandikiki. Unaweza kumpa mtu kitabu chote cha hesabu na asiweze kutengeneza gurudumu hata moja, kwa sababu ujuzi umo katika kifundo cha mkono. Mafundi wawili wakifa bila mwanafunzi, basi.

#14 Ngamizi
Mzee, shikamoo. Simulizi lako limenikumbusha jambo litakalowaudhi wengi humu. Mwaka 2025 watafiti wawili wa Ajentina waliiga kifaa hiki kwa kompyuta, wakatia ndani yake meno ya pembetatu pamoja na makosa ya nafasi yaliyopimwa katika vipande vilivyopo. Umbo la pembetatu lenyewe halikuleta madhara makubwa. Makosa ya nafasi ndiyo yaliyoua: magurudumu yalikwama au meno yaliachana kabla mwaka mmoja haujatimia. Je, tunajadili kupotea kwa ujuzi ambao huenda haukuwahi kufanya kazi?

#15 Mzee wa Tupa
Marahaba, lakini hapo sikubali. Bronzi iliyokaa baharini miaka 2000 si bronzi tena, imegeuka kuwa madini ya chumvi ya shaba, na ilipotolewa ikakauka, ikapasuka na kusinyaa. Kupima makosa ya fundi kwenye kitu kilichosinyaa ni sawa na kupima shati la mtu baada ya kulichemsha. Nao watafiti hao, nilivyowasoma, wameacha mlango huo wazi. Isitoshe, kifaa kimejaa maandishi madogo ya kuchongwa, maelfu ya herufi, yanayoeleza kila kilichopo usoni. Nani anaandika maelekezo marefu kiasi hicho kwa ajili ya kitu kilichokwama?

#16 Kipofu wa Nyota
Mzee, mimi nina vitu vitatu nyumbani vyenye maelekezo marefu, na vyote vimekwama.

#17 Binti Falaki
Upande wa Mzee una shahidi mwingine. Uso wa mbele una pete ya kalenda yenye vitundu vidogo chini yake, lakini pete hiyo imevunjika na kimebaki kipande tu. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba vitundu vilikuwa 365, kalenda ya Misri. Mwaka 2020 Chris Budiselic na wenzake walipima kipande hicho kwa picha za eksirei, wakasema pete nzima ingekuwa na vitundu 354, yaani miezi kumi na miwili ya mwandamo. Mwaka 2024 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambao kazi yao ni kusaka mawimbi ya mvutano kutoka mashimo meusi yanayogongana, walichukua hesabu zao za kutenganisha ishara na kelele wakazielekeza kwenye vitundu hivyo. Jibu likawa 354 au 355, na 365 ikaonekana haiwezekani kabisa.

Kinachomhusu Mzee ni kwamba walikuta vitundu vimepotoka kutoka kwenye duara kwa wastani wa sehemu tatu hivi za mia za milimita. Mkono uliotoboa hivyo usingeshindwa na meno.

#18 Mdadisi
Yaani chombo cha kupimia mashimo meusi kimetumika kuhesabia vitundu vya bamba. Hapo ndipo ninapoipenda sayansi.

#19 Nakili
Samahani Binti, si wote waliokubali. Wapo wanaoshikilia 365, kwa sababu majina ya miezi yaliyochongwa kwenye pete hiyo ni ya Kimisri, na mwaka wa Kimisri ulikuwa na siku 365. Namba ya vitundu inasema hivi na maandishi yanasema vile, na vyote viwili vipo kwenye bamba lile lile.

#20 Alfajiri
Ninaomba kuchepuka kidogo. Katika maandishi ya mbele kuna namba 462, ambayo ni miaka inayopita hadi Zuhura irudie mpangilio wake angani, na 442 ya Zohali. Ndizo zilizotumiwa na watafiti wa London mwaka 2021 kuunda upya magurudumu ya sayari. Mtu aliifuatilia Zuhura kwa hesabu ya miaka 462, lakini hakujua jambo dogo kabisa kuihusu, kwamba siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake! Hilo limejulikana miaka ya 1960 kwa rada, kwa sababu mawingu yake hayaruhusu jicho kuona chini.

#21 Mhesabu
Siku ipi, Alfajiri? Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na kulizunguka jua kwa siku 225 hivi. Ukiita kujizungusha huko siku, umesema kweli. Lakini Zuhura hujizungusha kinyumenyume, kwa hiyo jua huchomoza magharibi, na kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 tu za Dunia. Kwa mtu aliyesimama pale, kama angeweza kusimama chini ya kanieneo ya hewa mara 90 ya yetu, mwaka mmoja ungekuwa na siku karibu mbili.

Na hukuchepuka sana, kwani hesabu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kifaa. Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27.3 ukiulinganisha na nyota, na kwa siku 29.5 ukiulinganisha na jua. Katika miaka 19 kuna mizunguko 254 ya nyota na miandamo 235. Toa 19 kwenye 254 upate 235. Kifaa kinafanya utoaji huo kwa magurudumu, kisha kinageuza kitufe chenye rangi mbili kinachoonyesha mwezi ukipevuka.

#22 Chuma Chakavu
Mimi sasa nataka kujua nani aliigeuza Zuhura kinyume. Nimesoma kwamba iligongwa na kitu kikubwa zamani.

#23 Binti Falaki
Ni maelezo mojawapo. Jingine linailaumu hewa yake yenyewe: jua huipasha joto, hewa nzito husogea, kisha mvutano wa jua huivuta hewa hiyo nayo huiburuta sayari pole pole kwa muda mrefu mno. Wapo pia wanaosema sayari ilipinduka mhimili, juu ikawa chini, ikabaki kuzunguka vile vile. Na mawingu yake huzunguka sayari nzima kwa siku nne hivi, kana kwamba hayana habari na mwendo wa ardhi iliyo chini yake.

#24 KamusiHai
Nawapongeza kwa kuandika Zuhura na Zohali. Tahadhari tu kabla hamjafika kwenye sayari iliyo jirani na jua: ile ni Utaridi. Zebaki ni madini ya majimaji yaliyokuwa yakitiwa kwenye kipimajoto, na kila ninapoisoma angani huwa naogopa itamwagika.

#25 Mdadisi
Tumepokea. Nirudi kwenye swali: hadi sasa nina bronzi iliyoyeyushwa, mafundi waliokufa bila wanafunzi, wateja waliokosekana, kamba iliyooza nusu, na kifaa kilichokwama. Bado hatujaelewana hata kilitengenezwa wapi.

#26 Nakili
Majina ya miezi yaliyochongwa kwenye uso wa nyuma wa kifaa ni ya kalenda ya Korintho na makoloni yake, ndiyo maana wengine huitaja Syracuse na wengine Epirus, kaskazini magharibi mwa Ugiriki.

#27 Mhesabu
Nami natazama Rhodes, kwa Posidonius, na kwa Hipparchus aliyefanya kazi yake ya falaki huko, ikiwemo kuchunguza mwendo wa mwezi. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Ukiikaribia Dunia huharakisha. Ndani ya kifaa kuna magurudumu mawili yaliyolaliana, kila moja na kitovu chake kilichopishana kidogo na cha mwenzake. Moja lina kipini, jingine lina mfuo, na kipini kikiteleza ndani ya mfuo gurudumu la pili huharakisha na kupunguza mwendo kama mwezi wenyewe. Kitu kama hicho kinatoka mahali palipokuwa na mtu wa falaki na fundi katika chumba kimoja.

#28 Mzee wa Tupa
Tangu jana nimerudia gurudumu langu. Safari hii niliacha bikari, nikakata ukanda wa karatasi, nikaupima ukiwa umenyooka, nikautia alama 53 kwa rula, kisha nikauzungushia kwenye duara na kutoboa alama moja moja. Kwa njia hii kosa la hatua moja halihamii kwenye hatua inayofuata. Nimekata meno yote hadi saa sita usiku na linazunguka vizuri na mwenzake, ila karatasi ilivutika kidogo nilipoifunga, na jino la mwisho limekuwa nene. Mwenye picha za karibu za lile gurudumu la 223 anitumie. Nataka kuona kama naye fundi yule ana jino moja la kuona aibu.